Likembe, sumaku ya gari na santuri: Congotronics inatufundisha nini?

Mtu akisema "muziki wa elektroniki", wengi wetu tunawaza kompyuta na studio za Ulaya. Kumbe kuko muziki wa namna hiyo ulioundwa hapa hapa Kongo, tena kwa vyuma vya kuokota.

Fundi wake ni Mawangu Mingiedi, Muzombo wa upande wa mpaka wa Angola. Likembe yake ilikuwa na sauti ndogo, na Kinshasa ina makelele. Afanye nini? Alichukua sumaku za vipande vya magari ya zamani, akatengeneza mikro, akaziunganisha na vipaza-sauti. Sauti ikatoka kubwa, lakini yenye kukwaruza. Ile mikwaruzo hakuikataa, ikawa utamu wa muziki wenyewe. Njo bendi ya Konono No. 1 hiyo, ya miaka ya 1960.

Sasa tuhesabu miaka. Mwaka 1978 Mfaransa Bernard Treton aliwarekodi Kinshasa. Vincent Kenis, mwanamuziki wa Ubelgiji, akawasikia redioni, akawatafuta miaka mingi. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ikatoa Congotronics. Mwaka 2005 ikafuata Congotronics 2, mkusanyiko wa bendi nyingi: Kasai Allstars, Masanka Sankayi, hata Basokin ya Basongye, jirani zetu wa upande wa Lomami. Mfululizo huo ulitoka kwa CD na pia kwa santuri. Mingiedi alifariki mwaka 2015, dunia imeshamjua.

Bila rekodi ile ya 1978, Kenis angemtafuta nani? Tena tujiulize: kwa nini muziki wa Kinshasa ulingojea Brussels?

Kwetu Kabambare na Kasongo, wazee wanaojua likembe na ngoma za zamani hawatakuwepo siku zote. Sisi tuna simu mkononi. Lakini kurekodi peke yake haitoshi. Kwanza omba ruhusa. Kisha andika jina la mpigaji, kijiji, tarehe, na wimbo unapigwa wakati gani: arusi, kilio ao mavuno. Weka kopi mahali pawili, simu inaibiwa. Mzee naye apewe kopi yake, na siku ikileta franga, apate haki yake.

Sauti isiyo na jina ni yatima. Likizo hii, ukirudi kijijini, anza na mzee mmoja.