Gari la Ng'ombe Katika Barabara Kuu: Namna ya Kulifunga, Kulipakia na Kulishusha Mteremkoni

Gari la ng'ombe ni msaada mkubwa kwa mkulima. Mahindi ambayo yangechukuliwa na watu wengi kwa vichwa hufika sokoni kwa safari moja. Lakini barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma, ipitayo Iringa, Mbeya na Mbozi, si njia ya shambani. Ina lami, ina vilima, tena ina malori makubwa yaendayo Zambia. Mkulima aingiaye humo na gari lake yampasa kukumbuka neno moja kuliko yote: mzigo hupimwa kwa mteremko, haupimwi kwa tambarare.

Sababu yake ni hii. Maksai aliyezoezwa vizuri huweza kuvuta kwa saa nyingi kwa nguvu iliyo kama sehemu ya kumi ya uzito wake. Basi jozi ya maksai wenye kilo 350 kila mmoja huvuta kwa nguvu ya kilo 70. Gari la magurudumu ya mpira, lenye uzito wa kilo 1,000 pamoja na mzigo wake, huhitaji kama kilo 20 au 30 tu kwenye lami iliyo sawa, nao hulivuta bila taabu. Hapo ndipo mwenye gari hudanganyika. Barabara ikishuka mita 1 kwa kila mita 10, gari lile lile husukuma mbele kwa nguvu ya karibu kilo 100, na uzito wa mwendo wa magurudumu hupunguza sehemu ndogo tu. Nira imefanywa kwa kuvuta, haikufanywa kwa kuzuia. Maksai akisukumwa kutoka nyuma, nira humpanda kichwani, naye hana budi kukimbia au kuanguka.

KULIFUNGA. Kabla ya kutoka nyumbani, tazama mti wa mbele unaounganisha gari na nira. Ukiwa na ufa, usiutumie. Pini inayoshika mti huo kwenye nira iwe ya chuma, na iwe na pini ndogo ya kuizuia isichomoke; msumari au kipande cha waya hakifai. Zaidi ya hayo, funga mnyororo kutoka nira hadi kwenye gari, ili pini ikivunjika gari lisiachwe peke yake kilimani. Kaza nati za magurudumu.

KUPAKIA. Gari la magurudumu mawili ni kama mizani. Mzigo ukizidi mbele, mti hulemea shingo za maksai na kuzitia vidonda. Ukizidi nyuma, mti huinuka, na kamba za nira huwakaba koo. Weka magunia mazito juu ya ekseli, kisha sogeza kidogo mbele, hata mti ulalie nira kwa uzito mdogo. Funga mzigo wote kwa kamba, maana gunia moja likiteleza mizani yote huharibika.

MTEREMKONI. Gari liwe na breki: vipande viwili vya mti mgumu vinavyobana magurudumu yote mawili kwa msaada wa mkono wa chuma au mti. Breki ikazwe kabla ya kuanza kushuka, si baada ya gari kushika mwendo. Mtu mmoja atangulie mbele ya maksai, wa pili awe kwenye breki. Watoto washuke, waende kwa miguu. Chukua kabari mbili za mti, na kila usimamapo kilimani zitie chini ya magurudumu.

KUVUKA BARABARA NA KWENDA USIKU. Shika upande wa kushoto daima. Maksai na gari lao huweza kufikia mita 6 kwa urefu, na barabara huwa na upana wa kama mita 7. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, kuvuka kote huchukua kama sekunde 16. Katika muda huo, motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 350. Kwa hiyo usivuke penye kona wala karibu na kilele cha kilima. Vuka mahali uonapo mita 400 pande zote mbili. Ni heri kufika kabla ya giza. Ikiwa huna budi kwenda usiku, tundika taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na ubandike vipande vya kuakisi mwanga nyuma ya gari.

Wako wasemao ya kwamba kugawanya mzigo na kwenda safari mbili ni kupoteza siku. Ni kweli, siku hupotea. Lakini maksai aliyevunjika mguu kilimani hatalima mvua zijapo, na mwenzake hawezi kuvuta jembe la wawili peke yake. Mwenye gari lisilo na breki na apakie nusu tu ya mzigo wake, au aifuate njia isiyo na mteremko mkali, hata ikiwa ni ndefu zaidi. Na yeyote asiyejua namna ya kutengeneza breki na amwulize Bwana Shamba wake kabla ya mavuno.