Mteja mwenye matope naye ni mteja



Wiki iliyopita nilimfukuza mteja kwa macho tu. Katoka shamba la mpunga, gambuti zimejaa tope, na mimi nimetoka kupiga deki. Nikaangalia sakafu. Akaona, akageuka, akaingia duka la jirani.

Usiku nikawa nasoma kuhusu Waingereza wanaotembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, wakipumzika kwenye baa za njiani. Sijafika huko, ila nimejifunza kitu.

Kuna njia inaitwa Pennine Way, kama kilomita 430, ilifunguliwa 1965. Inaanzia kijiji cha Edale kwenye baa ya Old Nags Head, inaishia Kirk Yetholm, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Scotland, kwenye Border Hotel. Mwandishi Alfred Wainwright aliweka ofa pale: ukimaliza njia yote, nusu painti ya bia alikuwa analipa yeye.

Katikati kuna Tan Hill Inn, mita 528 juu ya usawa wa bahari, baa iliyo juu kuliko zote Uingereza. Mji haupo karibu. Sasa nani anakuja? Watembeaji waliolowa, buti zina tope, wengine wana mbwa. Ndani wanakuta sakafu ya mawe na moto unawaka. Novemba 2021 theluji ilifunga barabara, watu kama 60 wakakwama humo usiku 3. Walilishwa, wakatandikiwa magodoro chini.

Nilichojifunza:

1. Jua mteja wako ametoka wapi. Mtembeaji anataka kwanza kukaa na kukauka. Kununua kunafuata.

2. Andaa duka kwa mteja uliyenaye, sio yule unayemtamani. Mawe hayaharibiwi na tope. Mimi wateja wangu ni wakulima, halafu nalinda sakafu!

3. Mteja akipata shida ukiwepo, msaidie. Hilo hasahau.

Kiukweli mauzo yangu ya masika yalikuwa yanashuka, nikawa nalaumu mvua. Sasa nimeweka gunia mlangoni, ndoo ya maji na benchi nje. Gharama yake ndogo sana.

Yule mteja kapita jana. Nimemsalimia, kaitikia, hajaingia bado. Nitaendelea kumsalimia.

Na wewe, mteja gani unamfukuza bila kujua?