Intaneti na Dhamiri ya Mwamini

Dominika ya tarehe 12 Mei 2024, Kanisa lilipoadhimisha Siku ya 58 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, intaneti ilizorota au kukatika katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na SEACOM, ilikuwa imepata hitilafu baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku hiyo wengi wetu tulitambua jinsi tunavyoitegemea.

Tukio hilo lilitukumbusha kwamba intaneti si kitu kinachoelea hewani. Ni nyuzi nyembamba za kioo zilizolazwa chini ya bahari, ni minara, ni kompyuta kubwa zinazohifadhi taarifa katika nchi za mbali. Ujumbe tunaomtumia jirani waweza kuvuka bahari kabla ya kumfikia. Nasi tukiufuta katika simu yetu, nakala zake zaweza kubaki katika simu za watu tusiowajua.

Mwaka 2014 Papa Fransisko aliitaja intaneti kuwa zawadi itokayo kwa Mungu. Twaiona zawadi hiyo pale mgonjwa anapofuatilia Misa akiwa kitandani, au mzazi anapomwona mwanawe aliye ughaibuni. Lakini mitandao mingi ya kijamii huendeshwa kwa fedha za matangazo; kwa hiyo programu zake hutuletea yale yanayotushika tuzidi kutazama, na mara nyingi hofu na hasira ndizo hutushika upesi.

Hata hivyo, tusiilaumu mitambo peke yake. Katika makundi ya WhatsApp ya jumuiya, kwaya na ukoo, wasambazaji ni sisi wenyewe. Tufikiri juu ya msiba. Kwa desturi zetu, habari ya kifo hupelekwa na mtu mzima, taratibu, akiisha kuketi pamoja na wafiwa. Siku hizi picha ya ajali humfikia mama kabla ndugu hajabisha hodi. Aliyeituma hakukusudia ubaya. Alitaka tu kuwa wa kwanza kutoa pole. Lakini mama yule amemwona mwanawe barabarani, na picha hiyo haitamtoka.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, yataja makosa matatu dhidi ya heshima ya mtu: kusadiki kosa la mwenzetu bila msingi wa kutosha, kufichua kasoro zake bila sababu ya haki, na kumsingizia. Yote matatu yalikuwapo kabla ya simu. Simu imeyapa mbio tu.

Basi, tukubaliane katika jumuiya zetu mambo machache. Habari ya msiba isitangazwe kundini mpaka msemaji wa familia aridhie. Picha za marehemu na majeruhi zisitumwe kamwe. Ombi la fedha, hata likija kwa jina la padre au ndugu, lithibitishwe kwanza kwa kumpigia mhusika kwa namba yake tuliyoizoea. Na habari yoyote inayomgusa mtu, tujiulize: je, ningethubutu kuisema mbele yake, mlangoni pake?

Kama jibu ni hapana, tusiitume.