Kompyuta zinapeana mafaili polepole? Kagua waya kabla ya kununua mpya

MFANYABIASHARA mmoja wa mboga wa Soni, wilayani Lushoto, aliniita nyumbani kwake akiwa amekata tamaa. Ana kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya kupitia ruta. Moja iko dukani na nyingine chumba cha nyuma.

Kila Jumamosi alikuwa akinakili hesabu, risiti na picha za mashamba ya wakulima anaowakopesha mbegu na mbolea, jumla gigabaiti 40 hivi, kutoka kompyuta ya dukani kwenda ya nyuma. Lengo ni kwamba moja ikiibwa au ikiungua, nyingine imwokoe. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa moja, na umeme ukikatika katikati alilazimika kuanza upya. Mwishowe akaacha kunakili. Alipanga kuuza ndama ili anunue kompyuta mpya.

Nilimwomba asubiri kidogo. Anayeijua barabara ya Mombo hadi Lushoto anafahamu kuwa lori la kabichi linaweza kuwa na injini nzuri, lakini mwendo wake huamuliwa na kona. Faili nalo hutoka kwenye diski, likapita kwenye waya, ruta na waya mwingine, hadi diski ya pili. Sehemu moja ikiwa nyembamba, safari nzima huchelewa.

Wengi hukimbilia kulaumu intaneti. Kweli, mkongo wa SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009 uliongeza kasi ya mawasiliano nchini, lakini faili linalotoka dukani kwenda chumba cha nyuma halipiti huko. Hata bando likiisha, kunakili kunaendelea.

Hesabu yenyewe

Kasi ya mtandao wa waya huandikwa kwa megabiti, wakati kompyuta huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Hivyo mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hupitisha megabaiti 11 hivi tu, na gigabaiti 40 huchukua saa moja. Mtandao wa megabiti 1,000 unaweza kumaliza kazi hiyo kwa dakika sita hivi, endapo diski zina kasi ya kutosha.

Ile saa moja ilinionyesha pa kuanzia. Waya wa mtandao una nyuzi nane, yaani jozi nne. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili, lakini kasi ya 1,000 inahitaji zote nne. Uzi mmoja ukikatika, kompyuta na ruta vinaweza kushuka hadi 100 bila kukupa onyo lolote. Kwake, waya ulipita chini ya mlango na ulikuwa umebanwa kwa miaka.

Mambo ya kukagua

Kwanza, fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta zote mbili uone kasi ya muunganisho. Ikisomeka 100, badilisha waya kwa mwingine mzima. Nunua ulioandikwa Cat5e au Cat6, wenye nyuzi za shaba tupu na si alumini iliyopakwa shaba. Usizidi mita 100.

Pili, kagua ruta. Nyingi za bei nafuu zina matundu ya 100 tu. Huna haja ya kuitupa. Swichi ndogo ya gigabiti ikiunganisha kompyuta hizo inatosha. Kompyuta ya zamani sana nayo inaweza kuwa na kadi ya 100.

Tatu, kama inasomeka 1,000 na bado kuna uzito, jaribu kunakili faili moja kubwa. Likienda haraka, tatizo ni wingi wa mafaili madogo, hivyo zifungashe picha ziwe faili moja la zip. Likichelewa, kagua diski. Diski ya nje ya USB 2.0, kwa mfano, haizidi megabaiti 40 hivi kwa sekunde.

Kwa mfanyabiashara wetu, waya mpya ulipunguza kazi hadi dakika 15 hivi. Ndama bado yuko zizini. La muhimu zaidi, amerudia kunakili kila Jumamosi, kwani daftari la madeni ya wakulima likipotea, hasara yake inazidi bei ya ndama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: kabla ya kufungua pochi, inama uukague waya.