Si Ushirikina Uliokwamisha Chanjo ya Ndui Bengal

Mjadala wa chanjo ukipamba moto, hakosekani mtu wa kuuliza: mbona hata Waingereza walipopeleka chanjo ya ndui India, wenyeji waliikataa kwa ushirikina? Anayeuliza huwa keshajijibu. Hutaja Sitala, mungu wa kike wa ndui aliyeabudiwa jimbo la Bengal, akaongeza ng'ombe mtakatifu, na kwake habari imekwisha. Jibu hilo ni potofu. Limedumu kwa sababu linawafaa wenye mamlaka: kazi ikikwama, lawama inamwendea mwananchi.

Bengal ilijua kukinga ndui kabla Edward Jenner, aliyebuni chanjo kutokana na ndui ya ng'ombe, hajachapisha utafiti wake mwaka 1798. Mwaka 1767 J. Z. Holwell, daktari wa upasuaji aliyewahi kuwa gavana wa Bengal, aliwaeleza madaktari wa London jinsi Mabrahmini walivyopita vijijini Februari na Machi, kabla msimu wa ndui haujaanza, wakikwaruza mkono wa mtoto na kuutia usaha wa ndui uliohifadhiwa tangu mwaka uliotangulia. Mafundi hao, tikadari, walilipwa. Walisimamia chakula cha mtoto, maji baridi ya kumwagiwa, na ibada ya Sitala pia. Kwa hiyo muumini wa Sitala ndiye huyo huyo aliyemtoa mwanawe akingwe. Kama imani ingekuwa kizuizi, ingeanza kuizuia njia hii, maana ilimpa mtoto ndui halisi, ingawa kwa kawaida ilikuja nyepesi, na wachache walikufa nayo.

Sasa tuitazame chanjo yenyewe. Iliingia India kupitia Basra, na tarehe 14 Juni 1802 mtoto wa miaka mitatu, Anna Dusthall, akachanjwa Bombay na chanjo ikashika; ute wa lengelenge lake ukasambazwa kwenda miji mingine. Jokofu halikuwapo. Ute uliobebwa katikati ya vioo, au vigaga vilivyokaushwa, uliharibika kwa joto, ndiyo maana Bengal kazi ilifanyika hasa miezi ya baridi. Njia ya uhakika ilikuwa kumrudisha mtoto karibu siku ya nane, kutumbua lengelenge lake na kuchukua ute wa kuwachanjia wengine. Mzazi, basi, aliombwa amlete mtoto mwenye homa na mkono uliovimba, atumbuliwe kwa faida ya watoto asiowajua. Ute ukiwa umekufa, mtoto alibaki na kidonda bila kinga. Ndui ilipoingia akaugua, na kijiji kizima kikaona. Hata ute ulio hai haukukinga maisha yote bila kuchanjwa upya, ilhali aliyepona baada ya kuchanjwa na tikadari kwa kawaida hakuugua tena. Zaidi ya hayo, ute wa mkono kwa mkono uliweza kubeba kaswende: Rivalta, Italia, mwaka 1861, makumi ya watoto waliambukizwa kwa njia hiyo. Mama wa Bengal aliyekataa alikuwa na sababu zake, na nyingi zilikuwa za kitabibu kabisa.

Wapo watakaosema malalamiko ya tabaka na ng'ombe yalikuwapo kweli. Yalikuwapo. Lakini Uingereza, ambako ng'ombe haabudiwi, sheria ya mwaka 1853 ilipowalazimisha wazazi kuchanja watoto wachanga, upinzani ulikua hadi makumi ya maelfu wakaandamana Leicester mwaka 1885, na mwaka 1898 Bunge likaruhusu mzazi kukataa kwa sababu ya dhamiri. Mwingereza aliitwa mwenye dhamiri, Mbengali akaitwa mshirikina. Pingamizi zito zaidi ni kwamba njia ya tikadari iliweza kusambaza ndui kali kwa majirani. Hilo ni kweli, na marufuku ya njia hiyo iliyowekwa mjini Calcutta mwaka 1865 ilikuwa na msingi wa kitabibu. Kosa lilikuwa kupiga marufuku kinga inayoaminiwa wakati kinga mbadala haijatosha wala haijatengemaa. Serikali yenyewe baadaye iliwachukua baadhi ya tikadari wa zamani kuwa wachanjaji, kwa kuwa wao ndio walioaminika.

Kilichobadilisha mambo ni ubora wa chanjo. Miaka ya 1950 Leslie Collier alifanikisha chanjo ya unga iliyokaushwa, iliyostahimili joto la nyuzi 37 kwa mwezi mzima. Wachanjaji wakawafuata wagonjwa nyumba kwa nyumba, na mwaka 1975 ndui kali ya mwisho duniani ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida ikaonekana kwa mtoto Rahima Banu, kisiwa cha Bhola, Bangladesh, ndani ya eneo la jimbo lile lile. Sitala anaabudiwa Bengal hadi leo. Ndui haipo.

Kwa wanaouliza kuhusu sasa: ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na mwananchi wa kawaida hahitaji kuchanjwa dhidi yake. Chanjo ya MVA-BN, ya ukoo huo huo, imetumika Kongo dhidi ya mpox tangu Oktoba 2024. Ukiitwa kwa sababu uko hatarini, nenda, na urudi kwa dozi ya pili. Kwa chanjo za watoto, tunza kadi ya kliniki, fuata tarehe, uliza maudhi madogo madogo ya kutarajia. Viongozi wa afya, watu wakikataa, kwanza kagueni majokofu na kumbukumbu za joto, kisha wasikilizeni wazazi wanaogopa nini kabla ya kuwatungia jina.