Mtoto Mwenye Selimundu: Lini Aende Shule, Lini Asiende?

Wako wazazi wengi katika nchi yetu, hasa pande za Nyanza, Magharibi na Pwani, ambao asubuhi huwa na shauri gumu la kukata kabla ya jua kupanda: je, mtoto huyu aende shule leo, au abaki? Nasema habari za watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli.

Yafaa kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo, nazo hupita kwa urahisi katika mishipa midogo. Chembe za mgonjwa huyu hujipinda kama mundu, zikakwama njiani kama takataka katika mfereji wa shamba. Hapo ndipo yatokeapo maumivu makali ya mifupa, ya tumbo au ya kifua. Ugonjwa huu hauambukizi, si uchawi, wala si kosa la mama. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama pamoja. Mwaka 1954 Dr. Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alitangaza kwamba mtu aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya malaria kali. Ndiyo sababu umeenea zaidi katika nchi zenye mbu wengi.

Wazazi hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza, kwa hofu, humzuia mtoto nyumbani kila alalamikapo. Siku huwa juma, juma huwa mwezi. Mtoto hupitwa na hesabu, huona haya mbele ya wenzake, na mwisho huacha shule kabisa. Lakini huyu, ambaye mwili wake hauwezi jembe la kutwa katika jua kali, ndiye ahitajiye elimu kuliko nduguze wote! Wa pili humlazimisha mtoto kwenda hata mwili ukiwaka moto, akisema, "Atazoea." Huyo aweza kumpoteza mtoto kwa siku moja.

Njia iliyo salama ni kufanya kanuni mapema, siku mtoto akiwa hajambo, wala si alfajiri wakati mtoto analia na baba anachelewa kazini. Daktari wa kliniki aulizwe, kanuni iandikwe, na mwalimu apewe nakala. Kwa kawaida itakuwa na sehemu tatu.

Kwanza, aende shule ikiwa hana homa, amekula na kunywa, na maumivu ni madogo au yametulia kwa dawa aliyoandikiwa. Macho ya manjano ambayo ni desturi yake si sababu ya kumzuia.

Pili, abaki nyumbani ikiwa hana homa lakini maumivu yanamzuia kutembea au kukaa darasani. Apewe dawa yake, maji mengi na blanketi. Maumivu yasipopungua, apelekwe hospitali.

Tatu, apelekwe hospitali mara moja, mchana au usiku, kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi. Kadhalika akiumwa na kifua au kupumua kwa shida. Akipauka ghafula viganja na midomo. Bandama, iliyo chini ya mbavu za kushoto, ikivimba. Au upande mmoja wa mwili ukilegea na maneno yakimpotea. Katika hali hizi kulala nyumbani kuna hatari kama kwenda shule. Msingoje kesho.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Mtoto huyu aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani, na kwenda msalani kila aombapo, maana figo zake hutoa mkojo mwingi. Asisimamishwe katika mvua au baridi, wala asiadhibiwe kwa kukimbizwa uwanjani. Acheze, lakini apumzike achokapo. Akikosa siku, mwenzake amletee daftari apate kunakili masomo kitandani.

Mimi ni karani, na kazi ya karani imenifundisha faida ya kuandika. Wekeni daftari dogo la siku alizokosa shule, pamoja na sababu yake. Siku zikizidi kuwa nyingi, msikate tamaa wala kumtoa shule, bali mwonyesheni daktari daftari hilo. Iko dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo ikitumiwa kila siku kwa uangalizi wa daktari hupunguza sana mashambulio ya maumivu. Daktari akiona safu za siku zilizopotea ataelewa upesi kuliko kwa maelezo marefu, na pengine mwaka ujao safu hizo zitakuwa fupi.