BSD Ipi Itakugharimu Kidogo?

FreeBSD, NetBSD, OpenBSD na DragonFly zote hupakuliwa bure, na zote ni uzao wa BSD, mfumo endeshi uliotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Gharama ya kulinganisha ni bando, vifaa, na saa utakazotumia kuhudumia mashine.

Ukoo huu umegombana kweli. Mwishoni mwa 1994 Theo de Raadt, mmoja wa waanzilishi wa NetBSD, alinyang'anywa ruhusa ya kubadilisha msimbo wake. Mwaka uliofuata akaanzisha OpenBSD. DragonFly ilijitenga na FreeBSD mwaka 2003. Hata hivyo leseni yao inamruhusu kila mmoja kuchukua kazi ya mwenzake, na wanachukua. Dreva ya iwm, inayoendesha kadi za Wi-Fi za Intel, ilianzia OpenBSD ikaenea kwa wote. Kwa hiyo kadi ikikubali kwa mmoja, jaribu pia kwa wengine kabla hujanunua nyingine.

Mnunuzi huumia pale ndugu wanapochukua kitu kisha kila mmoja akaenda zake. Mfano ni pf, programu ya kuchuja mawasiliano ya mtandao iliyotoka OpenBSD mwaka 2001. FreeBSD iliichukua, lakini OpenBSD ilipobadilisha uandishi wa kanuni zake mwaka 2010, FreeBSD ilibaki na ule wa zamani kwa miaka mingi. Ukinakili faili la kanuni kutoka huku kwenda kule, lisome mstari kwa mstari. Fundi atakutoza kwa kazi hiyo, na ana haki.

Kwa seva ya ofisi ndogo mimi nachagua FreeBSD. Kila mfululizo mkuu hutunzwa miaka 4 au 5, na ZFS, mfumo wake wa kuhifadhi faili, inalinda data vizuri, ila inapenda RAM ya kutosha. Mashine yenye RAM kidogo iwekee UFS, mfumo mwepesi zaidi wa faili. Faili kamili la usakinishaji wa FreeBSD linapita GB 4, basi pakua lile dogo.

Kwa ruta, OpenBSD. Faili la usakinishaji halifiki GB 1. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi 6 na kila moja hutunzwa mwaka mmoja hivi, kwa hiyo usiichukue kama huna muda wa kuihudumia. Bluetooth haipo kabisa. Kadi nyingi za Wi-Fi hudai faili la ziada kutoka intaneti, hivyo andaa waya wa mtandao au simu ya kuunganisha kwa USB.

Kompyuta kuukuu ya biti 32 ipe NetBSD, kwani FreeBSD 15 imeacha kompyuta za aina hiyo. DragonFly ni ya anayetaka kujifunza.

Ile pesa ya leseni uliyookoa, changia sehemu yake. Januari 2014 OpenBSD iliomba msaada wa kulipia umeme, takriban dola 20,000 kwa mwaka, ilhali OpenSSH yake, programu ya kuingia kwenye seva kwa usalama, ilikuwa tayari inalinda seva za mashirika makubwa duniani kote.